Yafaa Mtu Kuazima Msiba wa Mwenziwe?

Tumeulizwa mas-ala ambayo hatukuyakuta kwa sura yake katika vitabu tunavyovisoma kwenye darsa yetu ya Majengo, nasi twaona si vema kuyajibu kwa mdomo tu yakapotea. Twajua kuwa ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi nao huulizwa mfano wake, na wengi wao hujibu kwa kuona haya kuliko kwa kufikiri.

Muulizaji ni mama wa mtaa wetu, mtu wa sala zake na mwenye kuheshimika, ambaye wazee wake asili yao ni Faza. Alikuja barazani baada ya sala ya Alasiri, akakaa upande wa wanawake mpaka darsa ikamalizika, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni barua iliyokwisha pigwa chapa, yangoja sahihi na muhuri tu. Yasema kuwa sisi, watu wa darsa, twamjua fulani bin fulani. Kuwa yeye ni Mbajuni wa kisiwa cha Chovai katika nchi ya Somalia. Kuwa wazee wake waliuawa na nyumba yao ikatekwa. Na kuwa alikimbilia Kenya hali ya kuwa mtoto mdogo.

Huyo fulani bin fulani ni mwanawe. Alizaliwa katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, sote twajua, na baadhi yetu tulikula akika yake.

"Maalim," alisema yule mama, "mwanangu hana kazi, na kila wiki askari humkamata hapo Gikomba wakamwambia yeye si raia. Huyu dalali amesema akifika Ulaya akaomba hifadhi kwa jina la Wabajuni wa Somalia atapokewa, na barua ya watu wa msikiti itamsaidia. Waliokwenda mbele yake walisema hivyo hivyo. Kwani mwanangu ndiye wa kwanza?"

Jawabu ya upesi ilikuwa tayari midomoni mwetu: uwongo ni haramu, na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa, basi, mama, rudi na karatasi yako. Jawabu hiyo ni sahihi, lakini mtu aitoaye kwa upesi namna hiyo aghalabu ni mtu mwenye kitambulisho mfukoni. Sisi ilitupasa kwanza tukiri kuwa mengi aliyoyasema mama yule ni kweli. Kijana ni Mbajuni kwa nasaba, hilo halina shaka. Na kisiwa cha Chovai chenyewe kilikuwa chini ya Kenya mpaka mwaka 1925, Waingereza walipowapa Wataliani nchi ya Jubaland. Mpaka ule ulipochorwa hapana Mbajuni aliyeulizwa, wala baharini haukuwekwa ukuta. Ni kweli pia kuwa kijana anaonewa. Alipotimiza miaka 18 akaenda kutaka kitambulisho, alitakiwa vyeti vya babu zake, mambo ambayo mwenziwe wa skuli moja, mwenye jina la bara, hakuulizwa hata kidogo. Utaratibu huo wa kuwahoji watu wa makabila fulani Serikali ilitangaza mwaka 2025 kuwa imeuondoa, lakini kijana alikuwa amekwisha kata tamaa zamani. Kwa hiyo barua ile haikuwa uwongo mtupu. Ilikuwa na dhulma ya kweli ndani yake, ila dhulma hiyo haikuwa ya Chovai, wala waliouawa hawakuwa wazee wake.

Hapo ndipo khitilafu ilipoingia baina yetu. Mmoja katika wanafunzi wa darsa alisema kuwa wanavyuoni wameruhusu uwongo kwa dharura, na hii ni dharura. Alisema kweli katika nusu ya maneno yake. Imamu Ghazali katika Ihyaa, na Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin, wameeleza kuwa pakiwa na lengo jema lisilopatikana ila kwa uwongo, uwongo hujuzu. Na kama lengo ni la wajibu, kama kumficha mtu asiye na hatia na dhalimu anayetaka kumuua, basi uwongo huwa wajibu. Lakini wameweka sharti ambalo watu hupenda kulisahau: likiwezekana kupatikana lengo hilo kwa maneno ya kweli, uwongo wabaki katika uharamu wake. Na wote wawili wamependelea mtu atumie maneno ya kweli yenye maana mbili kabla hajafika kwenye uwongo wenyewe, kama alivyofanya Sayyidna Abubakar katika njia ya Hijra, alipoulizwa ni nani huyu aliye pamoja nawe, akajibu kuwa ni mtu anayemwongoza njia. Muulizaji akafahamu njia ya jangwani, na Abubakar alikusudia njia ya kheri.

Tutazame basi maneno hayo yalisemwa mbele ya nani. Yalisemwa njiani, mbele ya mtu ambaye yamkini angepeleka khabari kwa wenye kuwasaka. Ruhusa yote ya wanavyuoni katika mlango huu yazunguka hapo: mwenye kukimbia yu mbele ya mwenye kumfukuza. Mwenye kuomba hifadhi hayuko mbele ya mwenye kumfukuza; yuko mbele ya mtu anayemwomba amwamini. Na kwa hali hiyo ya pili tunao mfano wetu mkubwa zaidi, nao ni wa Waislamu wa mwanzo waliokimbilia Uhabeshi, yapata mwaka 615 wa Miladi.

Watu wengi hukisoma kisa kile kama khabari ya ushujaa tu. Lakini kwa hakika ni khabari ya usaili wa hifadhi, tangu mwanzo hata mwisho. Makureshi walimtuma Amr bin Al-As na mwenziwe kwa Najashi, na zawadi za ngozi kwa mfalme na kwa wakuu wake, wapate kurudishiwa wakimbizi wale kabla hawajasikilizwa. Najashi akakataa kuwatoa mpaka awasikie. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza hali yao ilivyokuwa na ilivyogeuka. Siku ya pili Amr akarudi na hila nyingine: akamwambia mfalme awaulize wasemavyo juu ya Nabii Isa, akijua kuwa jawabu yao huenda ikamuudhi mfalme wa Kinasara. Bibi Ummu Salama, ambaye alikuwako, amesimulia kuwa walikutana wakashauriana watasema nini, na hawakupata kufikwa na jambo zito mfano wa lile. Wakakata shauri waseme yaliyo kweli, na liwe litakalokuwa. Hawakuwa na karatasi hata moja. Hawakuwa na kitu cha kutoa ila maneno yao, na kwa ajili hiyo hawakuthubutu kuyatia ila.

Yule mwanafunzi hakunyamaza, na alifanya vizuri kutonyamaza. Alisema: "Najashi aliwasikiliza. Je, karani wa leo husikiliza?"

Nami nakiri kuwa suala hilo lilinikalia kifuani zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu katika Majengo twaishi na wakimbizi, twawapangisha vyumba, na makaratasi yao twaletewa tuwasomee. Sharia zenyewe si mbaya. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya iliuingia mwaka 1966, wakataza kumrudisha mtu kwenye khatari, na wakataza kumwadhibu kwa kuingia bila ya ruhusa, maadamu amejipeleka mwenyewe bila ya kukawia. Mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza kuwa hata mwenye kukimbia vita na fujo kubwa ni mkimbizi. Kenya ilikaa miaka arubaini bila ya sharia yake yenyewe ya jambo hili, ikaipata mwaka 2006, na nyingine iliyochukua mahali pake ikaanza kutumika mwaka 2022. Ile ya mwaka 2006 ilimtaka mkimbizi ajitambulishe ndani ya siku 30, na ikampa mkubwa wa idara siku 90 za kukata shauri. Kwa miaka mingi afisi ya kuwaandikisha wa Nairobi ilikuwa Shauri Moyo, mwendo wa miguu kutoka hapa kwetu, na asubuhi tulikuwa tukiwaona wakipita na bahasha kwapani kabla ya jua kuchomoza. Siku 90 zimegeuka miaka kwa watu wengi. Na mwezi wa Aprili 2014, Serikali ilipofanya msako Eastleigh na mitaa ya jirani, maelfu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye pasi zao sahihi.

Lakini jambo nililotaka kulieleza khasa si hilo la kungoja. Ni kuwa karatasi ya hifadhi huuliza kwa lugha isiyokuwa ya mwenye kujibu, na mara nyingi jawabu ya kweli ikiingia humo hutoka uwongo. Nitatoa mifano, kwa kuwa wengi wetu hatujapata kuitia akilini.

Mtu wa kwetu husema waliingia nyumbani saa mbili za usiku. Mtarjumani asiye wa nchi hizi huandika saa mbili kama zilivyo katika saa yake, yaani usiku wa manane. Baada ya miaka miwili mtu yule huitwa tena, akasema walikuwa wamekaa wakila chakula cha usiku. Karani hutazama faili akauliza ni watu gani hao walao chakula usiku wa manane, na pembeni huandika kuwa maneno yagongana. Mwingine husema nduguye ameuawa. Mara ya pili aulizwapo ndugu zake wa tumbo moja ni wangapi, husema hana, naye hakusema uwongo mara zote mbili: yule aliyeuawa ni mtoto wa ami yake, na katika lugha yetu huyo ni ndugu, tena asiyemwita ndugu huonekana hana adabu. Mama mdogo ni mama. Mtoto wa marehemu dada ni mwanangu, nami ndiye niliyemlea. Andika hayo katika vyumba vya karatasi vilivyochorwa na mtu mwenye baba mmoja, mama mmoja na watoto wawili, uone yatakavyokaa.

Na tarehe ni balaa zaidi. Jirani zetu wa Ethiopia huhesabu mwaka kwa hesabu yao, ambayo yakaa nyuma ya Miladi kwa miaka saba au minane na ina miezi kumi na mitatu. Ukiuhamisha mwaka bila ya kuuhesabu, mtu huonekana amefungwa jela kabla hajazaliwa. Wazee wetu wa pwani wahesabu kwa Mfungo Mosi na Mfungo Pili, kwa kaskazi na kusi, kwa mwaka wa njaa fulani. Asiyejua siku aliyozaliwa hupewa tarehe 1 Januari, na kwa sababu hiyo zimo nyumba za wakimbizi ambazo baba, mama na watoto wote wamezaliwa siku moja. Watu hucheka. Karani mgeni hacheki. Huona dalili ya udanganyifu.

Kwa hiyo nilimwambia yule mwanafunzi kuwa amesema kweli kwa upande mmoja. Mtu aliyekimbia kifo kweli, akaona kuwa ukweli wake hauingii katika karatasi, akaunyosha kwa khofu ili uingie, akasema Machi mahali pa asilolijua, huyo sitamwita fasiki, na nadhani wanavyuoni wetu wangemsamehe kabla yangu. Hata kitabu cha mwongozo kilichotolewa mwaka 1979 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi chakiri kuwa mwenye kukimbia aghalabu hufika bila ya hati yo yote, na kuwa akishafanya juhudi ya kweli yapasa shaka iliyobaki imfae yeye. Lakini hiyo ni hali ya mtu anayeutafutia njia ukweli wake mwenyewe. Barua iliyokuwa mikononi mwetu haikuutafutia ukweli njia. Ilikuwa imechukua msiba wa watu wengine na kubandikwa jina.

Na wenye msiba ule hawakuwa mbali. Katika darsa yetu yumo mzee mmoja wa Chula, ambaye hukaa karibu na mlango na hasemi ila akiulizwa. Alikuwako siku ile. Yeye alitoka visiwani baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wenye bunduki walipokuwa wakiteka mashua, nyavu na watu. Alifika Mombasa kwa mashua, akakaa makambini pamoja na Wabajuni na Wabarawa wengine, na makambi yalipofungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990 akaja Nairobi, akapata chumba hapa Majengo kwa sababu aliskia kuwa hapa watu husema Kiswahili. Alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole:

"Mwanangu, Chovai achukue. Mimi si mwenye visiwa. Lakini akiulizwa walioliwa na bahari na waliopigwa risasi, ataje majina ya nani? Aje nimpe ya kwangu?"

Mama yule hakujibu. Mzee akatueleza jambo ambalo katika miaka yote ya kukaa nasi hakulisema. Binti yake alikwenda Ulaya akaomba hifadhi kwa maneno yaliyo kweli tupu. Akapigiwa simu na mtu asiyemwona, sauti yake ikatiwa katika chombo, ikapelekwa kwa wenye kuchunguza lugha. Jawabu ikarudi kuwa asema kama mtu wa Kenya. Naye kwa hakika alisema kama mtu wa Kenya: alitoka Chula mtoto, akakulia makambini Mombasa, akamalizia Majengo. Ombi lake likakataliwa.

Ndugu msomaji, jambo hili halikuzuka bure. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mahakama za Uingereza zilikwisha kubali kuwa Wabajuni wa Somalia ni watu wachache wasio na wa kuwalinda, na kuwa Mbajuni wa kweli wa huko astahili hifadhi. Mlango ulipofunguliwa, wakapita na wengine: vijana wa Kenya waliojifunza majina ya visiwa kama wanavyojifunza mtihani. Wakubwa wa huko walipotambua, wakaanza kuuliza maswali ya visima, samaki na koo, na kuwarikodi watu sauti. Kazi hiyo ya sauti walipewa watu wa kampuni moja ya Sweden iitwayo Sprakab, na ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo mwaka 2014 iliamua kuwa wachunguzi wa lugha wasivuke mpaka wa ilimu yao, wakaanza kutoa rai juu ya ukweli wa maneno ya mtu. Uamuzi mzuri. Lakini kwa wengi ulikuja baada ya mlango kufungwa, na waliofungiwa si wale waliojifunza majina. Mwenye kujifunza hujibu vizuri. Mwenye kushindwa ni yule aliyetoka kisiwani mtoto wa miaka sita, hajui kisima kilikuwa upande gani wa msikiti.

Hii ndiyo sababu iliyotufanya tuone kuwa ruhusa ya dharura haiingii hapa. Mwenye kusema uwongo ili kumficha mtu asiuawe hamchukulii mtu mwingine kitu. Mwenye kuazima msiba hula katika kuaminiwa kwa wenye msiba, na kuaminiwa huko ndiyo mali pekee waliyotoka nayo. Wala haisemwi kuwa ni serikali ya kikafiri tu inayodanganywa; binti wa mzee wetu si kafiri. Na wapo waliojidhuru wenyewe. Kule Garissa, katika miaka ya njaa, Wakenya wengi wa Kisomali waliwaandikisha watoto wao Dadaab kuwa ni wakimbizi, wapate chakula. Nani atamlaumu baba ambaye mwanawe ana njaa? Sisi hatumlaumu. Lakini alama za vidole zilibaki. Watoto wale walipofika miaka 18 wakaenda kutaka vitambulisho, mashine ikawaambia kuwa wao ni wageni katika nchi ya babu zao, na maelfu yao walikaa miaka bila ya kuweza kusoma chuo, kufungua hesabu benki, wala kupita kizuizi cha barabarani.

Sasa yanipasa niseme jambo ambalo ningependa kulificha. Miaka kiasi cha ishirini iliyopita, mimi mwenye kuandika maneno haya nilitia sahihi barua mfano wa ile. Mwenye barua alikuwa kijana mwema, jirani, na mama yake alilia mbele yangu. Sikusoma vitabu wala sikuuliza mtu. Nilijiambia kuwa ni huruma. Kijana alipokewa, leo ana watoto, ana kazi, naye hakutusahau, kwani mabati ya madrasa yetu fedha yake ilitoka kwake. Sikupata hata siku moja kujiuliza ile sahihi ilipita juu ya kichwa cha nani. Binti wa mzee alikataliwa katika miaka iyo hiyo. Siwezi kusema kuwa ni kwa sababu yangu. Wala siwezi kusema kuwa sivyo.

Nilipoyakiri hayo mbele ya darsa, mmoja wetu aliuliza kama yapasa mabati yang'olewe. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mas-ala hayo hatujayajibu.

Niliona kuwa kosa langu halikuwa la huruma kuzidi, bali la huruma kuwa ya macho: nilimhurumia aliyekuwa akilia mbele yangu, na asiyekuwapo sikumhesabu. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ametuamrisha tuitoe shahada kwa ajili yake, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazee wetu, au jamaa zetu, awe anayeshuhudiwa ni tajiri au maskini. Zamani nilikuwa nikifikiri kuwa kutajwa maskini hapo ni kwa ajili ya kumlinda asidhulumiwe. Sasa nafahamu kuwa pia ni kututahadharisha sisi na huruma zetu juu yake.

Barua hatukuitia sahihi. Mama yule aliikunja mara nne kama ilivyokuwa, akasimama, na tangu siku ile hunisalimu kwa mbali. Tuliandika barua nyingine, ya kweli: kuwa kijana huyu twamjua tangu kuzaliwa kwake, wazee wake walikaa katika nyumba fulani ya Majengo tangu mwaka fulani, na watu watatu wenye vitambulisho wako tayari kwenda kwa chifu kumshuhudia. Alikuja kuichukua mwanawe, si yeye. Kitambulisho bado hakijatoka, na dalali bado anapita mtaani. Sitawadanganya wasomaji kuwa ukweli ulimlipa kijana huyu. Mpaka ninapoandika haujamlipa kitu.

Tulilolifanya baada ya hapo ni dogo. Kila Jumamosi baada ya Alasiri watu wawili wa darsa hukaa barazani na kalamu, na mwenye karatasi za hifadhi huja akasomewa na kuandikiwa bila ya malipo, kama vile kuandikishwa kwenyewe kulivyo bila ya malipo, ijapokuwa madalali huwaambia watu sivyo. Hatumfundishi mtu la kusema. Twaandika saa kwa namna zote mbili, ya kwetu na yao. Mahali pa ndugu twauliza: wa tumbo moja, au wa ami? Na tarehe twaihesabu pamoja na mwenyewe mpaka ikae.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mzee wa Chula, na faili yake. Tulimwuliza alitoka kisiwani lini. Akasema ilikuwa mwezi wa Shaaban, mwaka wa pili wa fujo, na kaskazi ilikuwa ingali ikivuma, ndiyo iliyowashusha mpaka Mombasa. Tukafungua kalenda, tukahesabu: Shaaban ya mwaka 1412, ni Februari 1992, nayo ni kaskazi. Katika faili pameandikwa Agosti. Mtu aliyemwandika zamani aliambiwa kuwa Shaaban ni mwezi wa nane. Mzee aliitazama karatasi ile kwa muda, akatuuliza ni nahodha gani atokaye Chula kwenda Mombasa mwezi wa Agosti, kusi yote ikimpiga usoni.